Hati Zisizozeeka: Msako wa Miaka Ishirini na Ushei Ulioanzia Arusha

Katika makaburi ya Granville, pembeni mwa jiji la Harare, kulikuwa na kaburi la mtu aliyeitwa Ndume Sambao. Waliomzika walijua kwamba hilo halikuwa jina lake. Chini ya jiwe lile alilala Protais Mpiranya, meja aliyekiongoza kikosi cha walinzi wa rais wa Rwanda mwaka 1994. Alifariki Oktoba 2006. Hati ya kumkamata ilikuwa imetolewa na mahakama ya kimataifa ya Arusha mwaka 2000, na kwa kuwa hakuna aliyepeleka habari za msiba, iliendelea kumtafuta marehemu kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Dola za Marekani milioni 5 ziliahidiwa kwa yeyote atakayesaidia kumpata. Mwaka 2022 wapelelezi walilifukua kaburi, vinasaba vikapimwa, na faili likafungwa.

Hati ya kukamatwa ni karatasi ya ajabu kidogo. Katika sheria za mwenendo wa kesi za jinai za Kenya na za Tanzania, hati iliyotolewa na mahakama hubaki hai mpaka itekelezwe au ifutwe na mahakama iliyoitoa. Haifi hakimu anapostaafu, wala faili linapoliwa na mchwa. Ndiyo maana mtu aliyeruka dhamana ujanani anaweza kusimamishwa uwanja wa ndege akiwa na wajukuu, akaulizwa habari za kesi ambayo mwenyewe alishaisahau. Ushauri wa mawakili kwa mtu wa namna hiyo haujabadilika tangu enzi za ukoloni: nenda na wakili wako mbele ya mahakama ile ile, ujieleze, uombe hati ifutwe. Atakayekwenda mwenyewe husikilizwa vizuri kuliko atakayeletwa na pingu.

Hayo ni ya hati za kawaida. Zile zilizotoka Arusha kuanzia mwaka 1995 zilikuwa za makosa ambayo muda hauyafuti kabisa. Umoja wa Mataifa ulikwisha kuandika mkataba wa kusema hivyo mwaka 1968. Walioandikiwa walikuwa mawaziri, makanali, mameya, mapadri, wafanyabiashara na watangazaji wa redio, walioshtakiwa kwa mauaji ya kimbari yaliyoanza Rwanda Aprili 1994 na kuua mamia ya maelfu ya watu, wengi wao Watutsi, katika siku zipatazo mia moja. Jumla yao ni 93. Habari ya jinsi hati hizo zilivyofika kwa wenyewe, nyingine baada ya mwaka mmoja, nyingine baada ya ishirini na tatu, ni sehemu ya historia ya Afrika Mashariki ambayo mara nyingi husimuliwa kama habari za Wanyarwanda peke yao. Nairobi imo, Kigoma imo, Goma na Mbarara zimo.

Baraza la Usalama liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda tarehe 8 Novemba 1994, kwa azimio namba 955. Februari 1995 likaamua makao yake yawe Arusha. Mji ule wakati huo uliishi kwa utalii, kahawa na kumbukumbu za Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977. Jumuiya ilikuwa imeacha majengo makubwa yenye mabawa matatu, Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, yaliyokuwa yamegeuzwa kuwa kituo cha mikutano cha AICC. Humo ndimo mahakama ilimopanga. Washtakiwa walijengewa mahabusu ya Umoja wa Mataifa ndani ya eneo la gereza la Kisongo, barabara ya kwenda uwanja mdogo wa ndege.

Mahakama ilipewa majaji, makarani, wakalimani na magari meupe. Haikupewa polisi. Jaji aliithibitisha hati ya mashtaka, akatia saini hati ya kukamata, na kuanzia hapo karatasi ilitegemea kabisa serikali ya nchi alimojificha mtu. Sheria iliyounda mahakama, kifungu cha 28, iliziamuru nchi zote zishirikiane nayo. Amri hiyo ilitekelezwa kwa kasi tofauti sana.

Zambia ilikuwa miongoni mwa waliowahi: Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba, alikamatwa huko Oktoba 1995, na hukumu yake ya Septemba 1998 ikawa ya kwanza duniani kutolewa na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Cameroon ilimkamata Kanali Théoneste Bagosora Machi 1996. Huko Laredo, Texas, mchungaji Elizaphan Ntakirutimana alikamatwa Septemba 1996, lakini mwaka uliofuata hakimu wa Marekani alimwachia, kwa hoja kwamba Marekani haikuwa na mkataba wa kubadilishana watuhumiwa na mahakama ile. Alikamatwa tena, akakata rufaa hadi ngazi ya juu kabisa, na alifikishwa Arusha Machi 2000. Mzee huyo alihukumiwa miaka 10, akatoka Desemba 2006 na kufa mwezi uliofuata.

Kenya ilikuwa habari nyingine. Baada ya Julai 1994, utawala ulioshindwa Kigali ulihamishia Nairobi wake, watoto na akaunti zake za benki. Wakubwa wa serikali iliyoangushwa walipanga nyumba katika mitaa ya wenye nacho, wakafungua biashara, wakaonekana hadharani. Oktoba 1995 Rais Daniel arap Moi alitangaza kwamba hatairuhusu mahakama ile kuingia Kenya kutafuta watu, na kwamba watakaothubutu kuja watakamatwa wao. Kwa muda wa karibu miaka miwili hati za Arusha ziliishia mpakani, Namanga.

Kisha upepo ukageuka. Alfajiri ya tarehe 18 Julai 1997, polisi wa Kenya pamoja na wapelelezi wa mahakama waligonga milango kadhaa ya Nairobi katika operesheni iliyopewa jina NAKI, kifupi cha Nairobi na Kigali. Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wakati wa mauaji, alichukuliwa. Pauline Nyiramasuhuko, aliyekuwa waziri wa familia na maendeleo ya wanawake, alichukuliwa. Alikuja kuwa mwanamke wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa mauaji ya kimbari. Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura, naye alichukuliwa. Kwa siku moja mahakama ilipata ilichokikosa kwa miaka miwili, na wala haikuhitaji mbinu mpya ya upelelezi. Kilichobadilika ni ridhaa ya ikulu.

Mmoja alikosekana. Félicien Kabuga, tajiri wa mashamba ya chai kutoka Byumba, alikuwa ameshaondoka nyumbani. Ilisemekana kwamba nyumba aliyotarajiwa kukutwa ilikuwa na karatasi ya kumtahadharisha, na kwamba onyo lilitoka kwa mtu wa ndani ya polisi.

Kabuga hakuwa askari wala mwanasiasa wa jukwaani. Alikuwa mwenye fedha. Binti yake mmoja aliolewa na mtoto wa Rais Juvénal Habyarimana. Mwingine aliolewa na waziri wa mipango, Augustin Ngirabatware. Aliongoza kamati iliyoanzisha redio ya RTLM, ile iliyoanza kurusha matangazo Julai 1993 na ambayo mwaka uliofuata ilitaja hewani majina ya watu wa kuuawa. Mauaji yalipokwisha alikimbilia Uswisi, akafukuzwa Agosti 1994, akapita Kinshasa na hatimaye akatua Kenya. Mashtaka yake yalithibitishwa mwaka 1997. Kuanzia hapo jina lake likawa kipimo cha mahakama yenyewe: mpaka apatikane huyu, wengine waliuliza, mahakama ina maana gani?

Juni 2002 ubalozi wa Marekani Nairobi ulizindua kampeni ya matangazo magazetini na kwenye mabango, picha ya Kabuga ikiwa mbele, na ahadi ya hadi dola milioni 5. Kwa Mkenya wa kawaida, donge hilo lilikuwa zaidi ya bahati nasibu. Mwandishi wa habari kijana, William Munuhe, aliwaambia wapelelezi wa Kimarekani kwamba anaweza kuwasaidia kumnasa, na mtego ukategwa nyumbani kwake Karen. Kabuga hakutokea. Januari 2003 Munuhe alikutwa amekufa katika nyumba hiyo. Polisi walisema kwanza kwamba alijiua. Familia yake haikukubali. Tangu hapo, mtu aliyekuwa na habari alikuwa na sababu nzuri ya kuzimeza.

Agosti mwaka huo huo Baraza la Usalama, katika azimio namba 1503, lilimtaja Kabuga kwa jina na kuzihimiza Rwanda, Kenya na nchi mbili za Kongo ziongeze bidii. Ni nadra kwa Baraza kumtaja mtoro mmoja namna hiyo. Serikali ya Kenya ilisisitiza miaka nenda rudi kwamba mtu huyo ameshaondoka nchini, na Wamarekani wakaendelea kusema hadharani kwamba yupo. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Nairobi ilizuia mapato ya nyumba yake iliyoko Spanish Villas, Kilimani. Nyumba ilipatikana kwa urahisi: ilikuwa na hati miliki, wapangaji na kodi inayolipwa kila mwezi. Mwenye nyumba hakupatikana.

Tusiitupie Kenya mzigo wote, maana ukanda mzima ulikuwa maficho. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa ishirini na nne, na kambi ya Benaco ikageuka mji mkubwa usiku mmoja. Katika umati ule walikuwamo waliokimbia kuuawa na waliokuwa wameua, wakipanga foleni moja ya unga. Sylvestre Gacumbitsi, meya wa Rusumo, alikamatwa kambini Mukugwa, mkoani Kigoma, Juni 2001, na rufaa ikampa kifungo cha maisha. Callixte Nzabonimana, waziri wa vijana wa serikali ile, alikamatwa Kigoma Februari 2008. Ildephonse Nizeyimana alikutwa Kampala Oktoba 2009, mchungaji Jean Uwinkindi Mbarara mwaka 2010. Ladislas Ntaganzwa alishikwa Goma Desemba 2015, mwezi ule ule mahakama ya Arusha ilipokuwa ikifunga milango yake.

Mwenye ujasiri kuliko wote, hata hivyo, hakujificha kambini. Alijificha mahakamani. Siméon Nchamihigo, aliyekuwa naibu mwendesha mashtaka wa Cyangugu, alijipatia jina la Kikongo, Sammy Bahati Weza, akaajiriwa kama mpelelezi wa upande wa utetezi katika kesi ya ofisa mmoja wa jeshi kutoka mkoa ule ule wa Cyangugu. Alilipwa na Umoja wa Mataifa kufuatilia ushahidi wa mauaji ambayo baadaye yeye mwenyewe alishtakiwa kushiriki. Mei 2001 polisi wa Tanzania walimkamata mjini Arusha kwa ombi la mwendesha mashtaka. Hakuhitaji hata kusafirishwa mbali: kutoka ofisi za AICC hadi Kisongo ni mwendo wa gari wa dakika chache. Alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2008, na rufaa ikakipunguza kuwa miaka 40.

Ili kuona jinsi hati mbili zinazotokana na tukio moja zinavyoweza kwenda njia tofauti kabisa, twende Nyange, magharibi mwa Rwanda. Katikati ya Aprili 1994, Watutsi waliokimbilia kanisa la parokia hiyo walizingirwa. Tingatinga liliitwa, na kanisa likabomolewa watu wakiwa ndani. Hukumu ya Arusha ilitaja waliokufa wapatao 1,500. Waendesha mashtaka wa baadaye wanasema ni zaidi ya 2,000. Waliotajwa miongoni mwa wahusika ni paroko wa kanisa lenyewe, Athanase Seromba, na mkaguzi wa polisi wa wilaya ya Kivumu, Fulgence Kayishema.

Padri Seromba alikimbilia Italia. Karibu na Florence aliendelea kuadhimisha misa na kusikiliza maungamo akiwa na jina la Anastasio Sumba Bura. Mwaka 1999 watetezi wa haki za binadamu walimfichua. Hati ilipofika Roma, serikali ilijibu kwamba haina sheria ya ndani ya kumkabidhi mtu kwa mahakama ile, na mvutano ukaendelea kwa miezi. Februari 2002 padri alipanda ndege mwenyewe na kujisalimisha Arusha. Alipewa miaka 15 mwaka 2006. Alikata rufaa, upande wa mashtaka nao ukakata, na Machi 2008 majaji wakamwongezea hadi kifungo cha maisha. Katika wote waliotajwa humu, huyu ndiye aliyefuata ule ushauri wa mawakili kuhusu hati za zamani. Haukumpunguzia adhabu. Lakini kesi yake ilisikilizwa mashahidi wakiwa hai na kumbukumbu zao zikiwa za karibu, jambo ambalo wahanga wa watoro wengine hawakulipata.

Kayishema alichagua njia ndefu. Mwaka 2001, hati yake ilipotolewa, alikuwa ameshapita Kongo, kambi za wakimbizi Tanzania, Msumbiji na Eswatini, akafika Afrika Kusini. Huko aliomba hifadhi kwa jina la uongo, akidai kuwa Mrundi. Alifanya kazi ya ulinzi, akawa muumini wa kanisa, akazungukwa na watu waliojua na waliokaa kimya. Mwaka 2018 wapelelezi wa Umoja wa Mataifa walijua nchi aliyomo na waliomba akamatwe. Jibu la kwanza la Afrika Kusini lilikuwa kwamba mtu huyo ana hadhi ya ukimbizi, hivyo hawezi kuguswa. Jibu hilo lilipobadilika, mtu alikuwa ameshahama. Mwendesha mashtaka alipeleka malalamiko hadi Baraza la Usalama.

Mei 2023 alikutwa kwenye shamba la zabibu huko Paarl, mkoa wa Western Cape. Alikana jina lake kwa saa kadhaa. Usiku ulipoingia alikubali, na kwa mujibu wa waliomkamata alisema kwamba alikuwa ameisubiri siku hiyo kwa muda mrefu. Mbele ya hakimu wa Cape Town aliulizwa kama ana neno kwa wahanga. Alisema anasikitika kwa yaliyotokea ila yeye hakuhusika. Mawakili wake wakaanza kupinga asipelekwe popote, na Afrika Kusini ikaongeza mashtaka yake yenyewe ya udanganyifu katika maombi ya ukimbizi.

Mahakama ya Arusha ilikuwa imefungwa rasmi tarehe 31 Desemba 2015, ikiwa imewatia hatiani watu 62 na kuwaachia huru 14. Kesi kadhaa zilipelekwa Rwanda na Ufaransa. Watoro waliobaki walirithishwa chombo kidogo cha Umoja wa Mataifa kilichoundwa kumalizia masalia, IRMCT, chenye tawi Lakilaki, nje kidogo ya Arusha, na jingine The Hague. Mwaka 2016 mwendesha mashtaka wake, Serge Brammertz wa Ubelgiji, alikabidhiwa orodha ya majina manane. Alibadili namna ya kufanya kazi. Badala ya kulipa watoa habari waliodai kumwona Kabuga leo Nairobi, kesho Gabon, timu ilikaa na rekodi: simu, benki, safari, picha, maombi ya viza. Walimwacha kwanza mtoro mwenyewe, wakawachunguza jamaa zake.

Kabuga alikuwa na watoto wengi wakiishi Ulaya, hasa Ubelgiji, Ufaransa na Uingereza. Wachambuzi waliona kwamba simu za baadhi yao, kwa zamu, zilikuwa zikishika mnara katika eneo moja la Asnières-sur-Seine, kitongoji cha Paris, mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyeandikishwa kuishi. Mtu mmoja alikuwa akipokezanwa kama mgonjwa. Kukawa pia na malipo yaliyofanywa na mtoto mmoja kwa hospitali ya eneo hilo, kwa matibabu ya mzee mwenye pasipoti ya Kongo, jina Antoine Tounga. Hospitali ilikuwa na sampuli zake. Wapelelezi nao walikuwa na vinasaba vya Kabuga vilivyopatikana Ujerumani mwaka 2007, alipotibiwa huko. Mkwewe Ngirabatware alikamatwa nchini humo mwaka huo huo, lakini Kabuga mwenyewe alikuwa ameponyoka tena. Sampuli zilioana.

Korona, iliyowafungia watu wa Ufaransa majumbani kuanzia Machi 2020, iliwasaidia wapelelezi kwa njia isiyotarajiwa: kazi nyingine zote zilisimama, na aliyejificha hakuweza kuhama. Alfajiri ya Jumamosi, tarehe 16 Mei 2020, askari wa Ufaransa walivunja mlango wa ghorofa. Mzee alikataa kuwa ndiye. Walitazama kovu shingoni, wakapima vinasaba, na miaka ishirini na mitatu ya kutafutwa ikaisha asubuhi hiyo katika mtaa wa kawaida, ambako majirani walimjua kama mzee mkimya anayepita polepole barabarani.

Wengi walidhani huo ndio mwisho. Ulikuwa mwanzo wa shida ya aina nyingine. Waendesha mashtaka walisema Kabuga ana miaka 84, yeye akasema 87. Hati ilimtaka apelekwe Arusha. Jaji akaamua apelekwe kwanza The Hague kwa sababu ya afya, na akafikishwa huko Oktoba 2020. Kesi yake ya makosa sita ilifunguliwa Septemba 2022, miaka 28 baada ya vitendo vyenyewe. Vikao vilifanywa saa chache kwa siku, siku chache kwa wiki. Madaktari wakaripoti kwamba akili ya mshtakiwa inafifia, hawezi tena kufuatilia mashtaka wala kuwaelekeza mawakili wake. Juni 2023 majaji walikubali kwamba hafai kushtakiwa, wakapendekeza kesi iendelee kwa utaratibu usioweza kuishia kwenye hatia. Jopo la rufaa lilikataa pendekezo hilo Agosti. Septemba kesi ikasimamishwa kwa muda usiojulikana.

Kwa wahanga waliokuwa wamesafiri kutoa ushahidi, hilo lilikuwa pigo zito, na hasira yao inaeleweka. Lakini majaji hawakuwa na njia nyingine. Mtu asiyejua anashtakiwa nini hawezi kuhukumiwa, hata awe Kabuga, na mahakama ambayo ingefanya hivyo ingechafua hukumu zote sitini na mbili zilizotangulia. Lawama ziende kwa waliostahili: waliompa pasipoti, waliomtonya Nairobi, waliomlinda wakijua. Miaka ile haikupotea yenyewe, ilinunuliwa. Halafu ikabaki karaha ya mwisho. Mzee asiyeweza kushtakiwa alitakiwa aachiwe, na hakuna nchi ya Ulaya iliyotaka kumpokea. Rwanda ilisema iko tayari. Upande wa Kabuga ukapinga. Akabaki katika mahabusu ya Umoja wa Mataifa, hana hatia iliyothibitishwa wala hana pa kwenda.

Wakati macho yote yako kwa Kabuga, timu ile ile ilikuwa ikikamilisha orodha kwa kwenda makaburini. Siku chache baada ya kukamatwa kwake ilitangazwa kwamba Augustin Bizimana, waziri wa ulinzi wa mwaka 1994, alikuwa amefia Pointe-Noire, Jamhuri ya Kongo, tangu mwaka 2000. Mabaki yalipimwa vinasaba. Mpiranya wa Harare alipatikana kwa ufuatiliaji wa miaka, ukiwemo mchoro wa mkono wa jiwe la kaburi uliokutwa ndani ya kompyuta iliyokamatwa. Familia yake ilikuwa imeficha kifo hicho muda wote. Wengine wa orodha nao walikuwa wameshakufa. Phéneas Munyarugarama alikuwa amezikwa mashariki mwa Kongo tangu 2002. Aloys Ndimbati hakuwa amekwenda mbali: alifia Rwanda kwenyewe, karibu katikati ya mwaka 1997, huku dunia ikimtafuta kwa robo karne. Charles Sikubwabo alifia N'Djamena, Chad, mwaka 1998.

Tukihesabu, watu sita kati ya wanane wa orodha ya mwisho walikuwa wameshakufa, wengi wao kabla hata ya picha zao kubandikwa kwenye matangazo mapya. Kuna waliouliza kama ilikuwa na maana kutumia fedha za Umoja wa Mataifa kufukua mifupa. Ilikuwa na maana. Mtoro ambaye kifo chake hakijathibitishwa huendelea kutajwa na wafuasi wake kama shujaa aliyewashinda maadui, na manusura huendelea kuangalia nyuma wanapotembea sokoni. Isitoshe, kila uongo wa kifo ulikuwa hatari: Kabuga naye aliwahi kuvumishwa kuwa amekufa.

Tarehe 15 Mei 2024 IRMCT ilitangaza kwamba Sikubwabo na mtu wa mwisho, Charles Ryandikayo, wamethibitika kufariki, na kwamba kati ya washtakiwa 93 wa mahakama ya Arusha hakuna tena anayetafutwa. Mahakama dada ya Yugoslavia ya zamani ilikuwa imeshamaliza washtakiwa wake wote 161 mwaka 2011.

Hizo zilikuwa hati za wakubwa, na za Umoja wa Mataifa. Ofisi ya mwendesha mashtaka wa Rwanda mjini Kigali ina orodha yake, iliyo ndefu zaidi: hati za kukamatwa zaidi ya 1,000, zilizotumwa katika nchi zaidi ya 30 za Afrika, Ulaya na Amerika ya Kaskazini, nyingi zikiwa Kongo na Uganda. Nchi chache zimewarudisha watu Kigali au kuwashtaki zenyewe. Nyingi hazijajibu, na waliotajwa ndani yake, kama wako hai, leo wengi wamevuka miaka sitini.